Mnataka kunijengea nini?

Mpendwa msomaji, siku utakaposafiri tena kutoka jijini kwenda nyumbani mashambani, iwe unaelekea Machakos, Kakamega, Nyeri au Kilifi, hebu tazama nje ya dirisha la matatu. Hutakosa kuziona nyumba zilizoanzwa zikaachwa. Kuta zimefika kimo cha madirisha zikakwama. Vyuma vimechomoza juu na kushika kutu. Ndani mmeota magugu, na mbuzi wamepata pa kulala.

Wengi wetu tukiziona husema, "Mwenyewe aliishiwa na pesa." Huenda ni kweli. Hata hivyo, pesa kuisha ni dalili tu, kama vile homa ilivyo dalili ya malaria. Ugonjwa wenyewe aghalabu ulianza mapema zaidi, siku ile kazi ilipoanzishwa kabla ya mtu yeyote kusema itaishia wapi.

Ninalisema hili kwa uchungu, kwa sababu mojawapo ya nyumba hizo ilikuwa yetu.

Sisi ni ndugu watano. Krismasi moja tulikutana sote nyumbani. Usiku mvua ilinyesha, na mama akaamka kuweka sufuria chini ya paa kila mahali palipovuja. Asubuhi, baada ya chai, kaka yetu mkubwa alisimama akasema ni aibu watu wazima watano wenye kazi kuwaacha wazazi wao katika hali ile. Tuwajengee nyumba ya mawe! Tulipiga makofi, mama akapiga vigelegele, na baba akatuombea baraka.

Januari tulichanga. Februari fundi alichimba msingi. Hakuna aliyeuliza nyumba itakuwa na vyumba vingapi. Mimi nilidhani vitatu. Kaka alidhani vitano, pamoja na baraza. Dada alijua moyoni mwake kwamba choo kitakuwa ndani. Fundi naye alijenga alivyodhani.

Mvua za Aprili zilipokuja, mchanga ulisombwa na saruji ikagandia katika mifuko chini ya turubai lililotoboka. Kufikia Juni pesa zilikuwa zimekwisha. Tulianza kulaumiana. Mikutano iligeuka kuwa magomvi, kisha kila mmoja akanyamaza. Mwaka wa pili baba aliaga dunia, angali katika nyumba ile ile inayovuja. Siku ya mazishi waombolezaji waliketi wakiegemea kuta za nyumba aliyokuwa ameahidiwa na wanawe.

Ndiyo maana Jumapili hii ningependa tuzungumze kuhusu usimamizi wa miradi. Usiogope jina hilo. Si elimu ya wahandisi na mabwana wa ofisini peke yao. Ni elimu ya kila nyumba.

MRADI NI NINI?

Hapa kwetu mtu akisema ana "mradi wa kuku" huwa anamaanisha biashara. Lakini wataalamu wanapotaja mradi huwa na maana tofauti kidogo. Kwao mradi ni kazi yenye mwanzo, yenye mwisho, na yenye kitu kimoja maalum kitakachobaki mkononi ikiisha.

Kufuga kuku, kuwalisha na kuuza mayai kila siku ni shughuli inayoendelea. Kujenga banda la kuku hao ni mradi. Kupika chakula cha jioni ni shughuli. Arusi ya binti yako ni mradi. Kwenda shule kila asubuhi ni shughuli, ilhali kujitayarisha kwa mtihani wa KCSE ni mradi, kwa maana siku ya mtihani inajulikana na haikungoji.

Tofauti hiyo ina uzito. Shughuli ya kila siku hujifundisha yenyewe: ukiunguza ugali leo, kesho utapunguza moto. Mradi huja mara moja. Mazishi ya baba hayarudiwi. Kwa hivyo makosa yake ni lazima uyafanye kwenye karatasi, ambako ni rahisi kuyafuta.

MAFIGA MATATU

Kila mradi hukaa juu ya mafiga matatu, kama chungu jikoni. Figa la kwanza ni kazi yenyewe, yaani ukubwa wa kitu unachotaka. La pili ni muda. La tatu ni pesa. Ukilisogeza moja bila kuyagusa mengine, chungu huinama na mchuzi humwagika.

Ukitaka nyumba kubwa zaidi, tafuta pesa zaidi au ungoje zaidi. Ukitaka iishe upesi, ongeza mafundi, na hao watataka kulipwa. Pesa zikipungua, punguza vyumba. Asiyetaka kufanya lolote kati ya hayo hupunguza kitu kisichoonekana kwa macho, yaani ubora. Hutia mchanga mwingi na saruji kidogo, na nyumba hupata nyufa kabla ya rangi kukauka.

Kwa hivyo, kabla hujaanza, jiulize ni figa lipi lisiloweza kusogezwa kabisa. Mfano mzuri uko katikati ya jiji la Nairobi. Jumba la Mikutano la Kimataifa la Kenyatta, ambalo sote tunaliita KICC, lilianza kujengwa mwaka wa 1967. Hapo mwanzoni lilikusudiwa kuwa makao makuu ya chama cha KANU, tena jumba la kiasi tu. Baadaye ikajulikana kwamba Benki ya Dunia na Shirika la Fedha Duniani zingefanya mkutano wao wa mwaka jijini Nairobi Septemba 1973. Mchoro uliotayarishwa na Karl Henrik Nøstvik kutoka Norway akishirikiana na Mkenya David Mutiso ulikua hadi ukawa jumba la zaidi ya mita 100 kwenda juu. Hapo figa la muda lilikuwa limepigiliwa msumari. Wageni wa dunia nzima hawaambiwi warudi mwezi ujao. Ilibidi kila kitu kingine kipangwe kuifuata tarehe hiyo, na jumba likawa tayari.

ANDIKA MWISHO KWANZA

Mwezi mmoja tu baada ya mkutano huo, Oktoba 1973, jumba jingine mashuhuri lilifunguliwa Australia. Hilo ni jumba la muziki la Sydney, lenye paa linalofanana na matanga ya jahazi. Leo watu husafiri kutoka mbali kwenda kulitazama. Lakini historia yake ni funzo kwa mtu yeyote anayeshika jembe kabla ya kalamu.

Ujenzi wake ulianza mwaka wa 1959. Makadirio yalikuwa dola milioni 7 za Australia, na lilitarajiwa kuwa tayari mapema mwaka wa 1963. Lilimalizika miaka 10 baadaye, kwa dola milioni 102. Sababu mojawapo kubwa ni hii: wakuu walitaka kazi ianze haraka, na ikaanza kabla ya wahandisi kujua lile paa la ajabu lingejengwaje. Lilipojulikana, ilionekana kwamba baadhi ya nguzo zilizokwisha simamishwa hazingeweza kuubeba uzito wake, zikabidi kujengwa upya. Msanifu wake, Jørn Utzon wa Denmark, alijiuzulu mwaka wa 1966 na hakurudi kuliona likiwa limekamilika.

Ikiwa serikali iliyo na wahandisi tele inaweza kunaswa hivyo, mimi na wewe je?

Dawa yake ni daftari la shilingi chache. Andika sentensi moja inayoeleza kitu kitakachokuwapo siku ya mwisho. Usiandike "kuwajengea wazazi nyumba nzuri." Neno "nzuri" lina maana tano kwa ndugu watano. Andika idadi ya vyumba, aina ya kuta, aina ya paa, milango mingapi na madirisha mangapi. Kisha, na hili wengi husahau, andika pia kile ambacho hakimo: choo cha ndani hakimo, umeme haumo kwa sasa, ua haumo. Kilichoandikwa kwamba hakimo hakitaleta ugomvi baadaye. Halafu kila mwenye kutoa pesa aweke sahihi yake chini.

GAWA KAZI, KISHA IPANGE

Kazi kubwa hutisha, nayo kazi inayotisha huahirishwa. Igawe. "Nyumba" ivunje iwe msingi, kuta, paa, milango na madirisha, sakafu na plasta. Kila kipande kivunje tena hadi ufikie kitu ambacho mtu mmoja anaweza kukabidhiwa na kuulizwa, "Umemaliza?" naye ajibu ndiyo au la.

Sasa panga vipande hivyo kwa wakati. Mwanzoni mwa karne iliyopita, mhandisi mmoja wa Marekani aitwaye Henry Gantt alieneza mtindo rahisi ambao mpaka leo hutumiwa na makampuni makubwa. Chora wiki juu ya karatasi kutoka kushoto kwenda kulia. Orodhesha kazi upande wa kushoto kutoka juu kwenda chini. Kisha mbele ya kila kazi chora mstari mnene kutoka wiki inapoanza hadi wiki inapoisha. Basi! Ukiibandika karatasi hiyo ukutani, hata mtoto wa darasa la tano atajua ikiwa mmechelewa.

Ukishachora utagundua jambo la ajabu. Kuna kazi ambazo ni lazima zifuatane na nyingine ambazo zinaweza kwenda sambamba. Tuseme msingi utachukua wiki 2. Saruji yake ipewe wiki 1 ikinyunyiziwa maji ili ishikamane vyema. Kuta zichukue wiki 4, paa wiki 2, sakafu na plasta wiki 3. Hizo haziwezi kurukana, na jumla yake ni wiki 12. Seremala naye anataka wiki 4 kutengeneza milango na madirisha, lakini anaweza kuyatengeneza kwake huku kuta zikipanda.

Seremala akichelewa kwa wiki moja, huenda asimcheleweshe mtu. Mabati yakichelewa kwa wiki moja, nyumba nzima imechelewa kwa wiki moja. Ule mfululizo wa kazi zisizoweza kuchelewa bila kuchelewesha mwisho ndio njia kuu ya mradi. Hesabu yake ilibuniwa mwaka wa 1957 huko Marekani katika kampuni ya kemikali ya DuPont, ikishirikiana na waundaji wa kompyuta wa Remington Rand. Lakini wewe huhitaji kompyuta. Jua tu njia kuu ya mradi wako iko wapi, na macho yako yasibanduke hapo. Wengi wetu tunapigizana kelele na seremala ilhali hakuna aliyekwisha agiza mabati.

DAFTARI LA PESA

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Siku hizi pesa hutumwa kwa simu, na watu hudhani ujumbe wa simu ni daftari. Sivyo. Ujumbe unakuonyesha pesa zilikokwenda. Haukuonyeshi zilitakiwa kufanya nini.

Kwa kila kazi uliyoigawa andika makadirio, na mbele yake uache nafasi ya kuandika gharama halisi. Kila Jumamosi linganisha. Ikiwa msingi ulikadiriwa shilingi 100,000 na umekula 130,000, usijifariji kwamba utajikaza kwenye paa. Paa halijui habari za msingi. Kaeni siku hiyo hiyo mkaamue ni figa lipi mtasogeza.

Isitoshe, tengeni akiba ya dharura. Wasimamizi wengi hupenda kuanzia sehemu ya 10 ya makadirio. Ikiwa nyumba ni shilingi 600,000, basi tafuteni 660,000, na hizo 60,000 zisiguswe kwa ajili ya mapambo.

SIMBA WA TSAVO

Akiba ni ya nini? Ni ya lile usilolitarajia. Mwaka wa 1896 Waingereza walianza kujenga reli kutoka Mombasa kuelekea Ziwa Victoria. Bunge lao lilikuwa limeidhinisha pauni milioni 3. Reli ilifika Nairobi mwaka wa 1899 na ikafika ziwani, mahali tunapoita Kisumu, Desemba 1901. Gharama ilikuwa imepita pauni milioni 5. Gharama ya maisha ilikuwa kubwa zaidi: kati ya wafanyakazi wapatao 32,000 walioletwa kutoka India, karibu 2,500 walifariki.

Mwaka wa 1898, kwenye daraja la Tsavo, simba wawili waliwavamia wafanyakazi usiku katika mahema yao na kuwaua. Mamia walikimbia na kazi ikasimama kwa wiki kadhaa, hadi mhandisi John Henry Patterson alipowaua simba hao mwezi wa Desemba. Ni karani gani huko London aliyekuwa ameandika "simba" katika makadirio yake?

Simba wako wewe huenda ni fundi kuugua, bei ya saruji kupanda, au ndugu kupoteza kazi. Wengine hata wanajulikana watakuja lini. Katika sehemu nyingi za nchi mvua za masika huanza Machi na za vuli huanza Oktoba. Aliyemwaga mchanga wake nje Aprili hawezi kusema alishtukizwa. Keti na jamaa zako muulizane: ni nini kinachoweza kutuharibia? Andikeni mambo matano. Kando ya kila moja andikeni mtakalofanya, na ni nani atakayelifanya.

NAHODHA MMOJA

Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Mradi wa ndugu watano unahitaji watu watano wa kuchanga lakini mtu mmoja wa kuamua. Huyo ndiye fundi atakayempigia simu, na ndiye atakayeulizwa. Si lazima awe kifungua mimba, wala yule mwenye mshahara mnono. Awe mtu anayeandika, anayefika alipoahidi, na anayeweza kumwambia kaka mkubwa "hapana" kwa adabu.

Maana kaka mkubwa atakuja. Kuta zikiwa zimesimama, atafika na rafiki yake, atatazama, kisha atasema, "Hapa tungeongeza baraza." Usigombane naye. Mwonyeshe karatasi na umwulize: kaka, baraza ni sawa, je, tusogeze figa gani? Utaongeza pesa, tungoje hadi Desemba, au tuondoe chumba kimoja? Aghalabu baraza litasubiri.

KWENU WANAFUNZI

Wewe uliye chuoni, usidhani haya ni ya wazee wenye mashamba. Mradi wako wa mwaka wa mwisho una mafiga hayo hayo, na kwako la muda ndilo lililopigiliwa msumari. Mwaka wa 1955 mwandishi Mwingereza, Cyril Northcote Parkinson, alieleza kwa mzaha kwamba kazi hutanuka ikajaza muda wote iliyopewa. Ukipewa wiki 12 utaimaliza usiku wa mwisho wa wiki ya 12, macho mekundu.

Basi anza mwisho urudi nyuma. Wiki ya 12 ni ya kusahihisha na kuchapisha. Wiki ya 10 na 11 ni za kuandika upya. Je, data ni lazima iwe imekusanywa kufikia wiki ya ngapi? Na mwalimu wako huchukua siku ngapi kusoma sura moja? Siku hizo za kumngoja mwalimu zimo katika njia kuu yako, kwa hivyo mpe sura ya kwanza mapema ukiendelea na ya pili.

SWALI LA MAMA

Nimalizie pale nilipoanzia. Mwaka mmoja baada ya kumzika baba, mama alituita. Tuliketi chini ya mparachichi, ndugu ambao hawakuwa wamesemezana vizuri kwa muda mrefu. Kaka alianza kueleza habari za michango. Mama alimkatiza kwa upole. "Wanangu, kabla ya pesa, niambieni. Mnataka kunijengea nini?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Hapo ndipo dada alipotoa daftari la mtoto wake. Mama mwenyewe alisema anataka vyumba vitatu, mlango mpana, na tangi la maji ya mvua karibu na jikoni. Choo cha ndani hakukitaka. Baraza halikumjia akilini kabisa. Tuliandika, tukatia sahihi. Dada, ambaye ni wa nne kuzaliwa, akawa nahodha. Tulianza mwezi wa Julai, masika yakiwa yamepita, tukapanga kumaliza mwishoni mwa Septemba.

Tulichelewa kwa wiki mbili kwa sababu ya mabati, na akiba ya dharura iliisha yote. Hata hivyo nyumba ilikwisha. Siku ya kuhamia tulilisoma daftari mbele ya mama, shilingi kwa shilingi, kila mtu akasikia. Usiku ule mvua za vuli zilianza. Tulilala tukizisikia juu ya mabati, na mama hakuamka kuweka sufuria mahali popote.

Baba hakuiona. Pesa tulizopoteza tulizitafuta tukazipata, lakini miaka ile hakuna chama cha akiba na mikopo kitakachotukopesha. Kwa hivyo, mpendwa msomaji, ikiwa kuna jambo umewaahidi watu wako, usilale leo kabla hujaandika sentensi moja tu inayosema mwisho wake utakuwaje.

Hadi Jumapili ijayo, kwaheri.